Somo: Kusoma utabiri wa wiki kabla hujaanika dagaa

Habari za jioni, ndugu zangu wa mialoni, huku mitumbwi inakoshusha samaki. Tangu Jumatatu nimeulizwa mara nyingi, "Mama, wiki hii itakuwaje?" Nimeona badala ya kumjibu kila mtu peke yake, niandike ninavyofanya mwenyewe kila Jumapili jioni hapa Igombe, Mwanza.

Naandika sasa kwa sababu kiangazi kinaelekea ukingoni, na kipindi hiki ndicho kinachotuumiza. Julai hatuangalii hata mbinguni: upepo mkavu, jua la kutosha, dagaa wa asubuhi jioni wameshakauka. Ikifika Septemba radi zinaanza kurudi usiku, nasi bado tuna mazoea ya Julai.

Hatua ya 1: Jua utabiri unazungumzia eneo gani

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) ikisema "Kanda ya Ziwa Viktoria" inamaanisha mikoa sita: Kagera, Geita, Mwanza, Shinyanga, Simiyu na Mara. Sentensi moja inabeba kuanzia Bukoba hadi Meatu, na hali ya sehemu hizo hailingani kabisa. Bukoba iko upande ambao upepo wa mashariki unafika ukiwa umeshavuka maji na kubeba unyevu, ndiyo maana kwao mvua ni nyingi. Sisi wa kusini mwa ziwa tunapata kidogo kuliko wao, na tambarare za Kwimba na Meatu ni kukavu zaidi.

Halafu kuna maneno "maeneo machache". Wengi wanayasoma kama "mvua ndogo". Sivyo. Maana yake ni kwamba itanyesha huku na kule, si kila mahali. Ikikuangukia wewe inaweza kuwa nzito kweli huku jirani yako wa Kayenze hajapata hata tone.

Hatua ya 2: Angalia saa kabla ya siku

Hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu hapa ndipo nilipopoteza mali.

Mwaka juzi, Septemba, niliangalia programu ya hali ya hewa kwenye simu. Ilikuwa Jumanne mchana. Ikaonyesha mvua Jumatano, 03:00. Nikasema vizuri, mvua ni kesho saa tatu asubuhi, nitaamka mapema nikusanye. Nikawaacha dagaa kwenye vichanja, debe kumi na sita, hata turubai sikushusha. Kumbe 03:00 ya simu ni saa tisa usiku! Niliamshwa na bati. Nikatoka na tochi, nikakuta maji yanachuruzika chini ya vichanja, meupe kama maji ya kuoshea mchele, na magamba yanang'aa kwenye mchanga. Siku mbili baadaye dagaa walikuwa wekundu na wana harufu. Walienda kwenye chakula cha kuku kwa bei ya kutupa.

Kosa lilikuwa mara mbili. Kwanza saa: simu inahesabu kuanzia katikati ya usiku, sisi tunahesabu kuanzia alfajiri na magharibi. Toa sita au jumlisha sita, kila mara, hata kama unadhani umeshazoea. Pili siku: kwetu ule ni usiku wa kuamkia Jumatano, kichwani mwako bado ni Jumanne, lakini simu imeshauita Jumatano. Nao utabiri wa TMA wa saa 24 huanza kuhesabiwa saa 3 usiku. Kwa hiyo ukisikia mvua "kesho", jiulize kwanza kama usiku huu umo ndani yake. Mara nyingi umo.

Na usiku ndio wakati wa ziwa letu. Mchana nchi kavu inapata joto upesi kuliko maji, upepo unatoka ziwani kuja kwetu. Usiku nchi inapoa, upepo unageuka, unatoka pande zote za mwambao na kukutana juu ya maji. Ziwa lenyewe ni kilomita za mraba 68,800, unyevu umejaa. Hewa ikikutana huko inapanda, mawingu ya radi yanajengeka, na mvua ya ziwani inapiga kuanzia usiku wa manane hadi asubuhi. Misungwi na Kwimba, mbali na maji, yao huja zaidi mchana na jioni. Sisi wa ufukweni tunaguswa na zote mbili.

Hatua ya 3: Upepo unatajwa kwa unakotoka

"Upepo kutoka Kusini-Mashariki" unakwenda Kaskazini-Magharibi. Wavuvi, hili ni la uhai. Kwenye mialo mingi ya upande wetu upepo huo unatoka nchi kavu kuingia ziwani. Ukisimama ufukweni maji yametulia, vilima vimekukinga. Ukishaacha kilima ndipo mawimbi yanaanza, na kurudi ni kupambana na upepo usoni huku mafuta yanaisha. Utulivu wa ufukweni usikudanganye. Ukisikia upepo wa kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita mbili, mtumbwi ubaki nchi kavu.

Hatua ya 4: Ngazi za tahadhari

Njano ni angalizo, rangi ya chungwa ni tahadhari, nyekundu ni tahadhari kubwa. Mvua kubwa kwa TMA ni inayozidi milimita 50 kwa saa 24. Milimita moja ni lita moja kwenye mita moja ya mraba, kwa hiyo kichanja cha mita kumi za mraba kikipigwa na milimita tano tu kimemwagiwa lita 50.

Hatua ya 5: Kalamu na penseli

Kwenye daftari langu siku mbili za kwanza naziandika kwa kalamu, zilizobaki kwa penseli. Kila jioni baada ya taarifa ya habari nafuta na kuandika upya. Utabiri wa siku ya sita unanisaidia kujua ninunue dagaa wabichi wengi au wachache. Kuhusu kuacha vichanja wazi usiku, naamua kwa utabiri wa jioni ileile.

MASWALI YA WANACHAMA

Mkulima wa Magu: Shikamoo mama. Simu yangu inaandika mvua asilimia 40. Nianue pamba au niache?

Marahaba mwanangu. Asilimia 40 ni kusema kati ya siku kumi zinazofanana na hiyo, nne zilinyesha. Haisemi mvua ni nyingi au ndogo. Pima hasara. Kuanua ni kazi ya saa moja, pamba iliyolowa inashushwa daraja. Mimi ningeanua.

Kijana wa Kirumba: TMA na simu zikitofautiana nifuate ipi?

TMA. Wana rada hapahapa Mwanza na wanaliangalia ziwa hili kila siku. Programu nyingi za simu zinapiga hesabu kwa eneo pana, na mahali ambapo maji na nchi vimekutana zinakosea. Simu naitumia kuangalia saa ya mvua tu.

Mvuvi wa Kome: Wazee wanasema mwezi ukiandama mvua inakuja. Ni kweli?

Kaka, mwezi unaamua dagaa watafuata taa au la, ndiyo maana mnaingia ziwani wakati wa giza. Mvua haiufuati. Ila wazee hao hao wanasema ukiona umeme unamulika upande mmoja, kisha upepo wa baridi ukakupiga ghafla, vuta nyavu. Hilo lishike kwa mikono miwili, hewa ile ya baridi inamwagika kutoka kwenye wingu lenyewe.

Dada wa Kayenze: Hapa kwetu upepo wa mchana unatoka ziwani, mbona umesema unatoka nchi kavu?

Uko sahihi, nilipaswa kulitenganisha. Kwenye saa nne au tano asubuhi upepo wa ziwa unaanza, na alasiri una nguvu. Ule wa Kusini-Mashariki ni upepo mkubwa wa msimu. Siku nyingine wa ziwa unaushinda karibu na ufukwe, siku nyingine unashindwa. Andika wa kwako kwa wiki mbili, saa kwa saa, utaujua mwalo wako kuliko mtu yeyote.

Mama wa Sengerema: Na kama mvua imeshawapiga dagaa, nifanyeje?

Pole sana. Usiwarundike, wakirundikwa wanapata joto na kuoza. Jua likichomoza watandaze wepesi, uwageuze kila baada ya muda mfupi. Kama mawingu hayaondoki, wale ambao bado ni wazima wakaange siku hiyohiyo. Waliolowa wawe na gunia lao, usiwachanganye na wazuri. Mnunuzi wa soko la Mwaloni huingiza mkono mpaka chini ya gunia.