SOMO: Namna ya kutangaza mtandaoni kuomba wachangiaji damu

Kila wiki naulizwa faragha, "Nipangilie tangazo la kuomba damu." Nimejibu mpaka vidole vimechoka. Naliweka hapa moja kwa moja, atakayeuliza tena nitamwelekeza huku.

1. Omba ruhusa kwa mgonjwa. Akiwa hajiwezi, kwa anayemwuguza.

2. Piga simu benki ya damu kabla hujaandika chochote. Uliza kundi gani, chupa ngapi, na kama ni damu nzima au chembe za kugandisha damu. Chembe hizo huhifadhiwa siku 5 hadi 7 tu, kwa hiyo kuwaita watu thelathini kwa mkupuo kunaweza kuwa hasara.

3. Andika kwa maneno, sio picha peke yake. Maneno yanatafutika, na asiyeona anasomewa na simu yake.

4. Tarehe na saa ya mwisho. Hapa tulieni, maana hapa ndipo nilipoharibu. Niliandika: "Anahitajika O hasi, HARAKA, LEO!" nikaweka namba ya dada wa mgonjwa. Tarehe sikuweka. Damu ilipatikana jioni ileile, nikafuta ujumbe wangu nikijua yameisha. Kumbe nakala zilizokwisha kusambazwa hazifutiki ukifuta wa kwako, na kila aliyezipokea aliisoma "leo" kama leo yake yeye. Wiki tatu baadaye mgonjwa akafariki. Dada yake yuko msibani, simu inaita: "Samahani, bado mnahitaji damu?" Watu wema kabisa, mmoja baada ya mwingine. Ikabidi abadilishe laini. Nilikwenda kumwomba radhi ana kwa ana, na bado jambo hili linaniuma.

Kwa hiyo:
– Siku, mwezi, mwaka na saa ya mwisho vikae mstari wa KWANZA. Mstari wa mwisho watu huukata wakinakili.
– Namba iwe ya mratibu, kamwe isiwe ya anayeuguza.
– Weka tangazo kwenye ukurasa ulio wazi kwa wote, halafu sambaza kiungo chake. Ukihariri la asili na kuandika IMETOSHA, kila atakayefungua kiungo ataliona hilo.
– Msitegemee WhatsApp iwazuie watu. Tangu Aprili 2020 ujumbe uliosambazwa sana unapelekwa gumzo moja moja. Hiyo inapunguza kasi tu.

5. Damu ikitosha, tangaza imetosha na ushukuru.

MASWALI

Kipepeo: Kwani tarehe ni lazima? Si wataona siku niliyopost?
— Hatua ya 4. Isome yote.

Mzalendo wa Kweli: Nina picha ya mgonjwa kitandani, ina mirija. Hiyo ndiyo inavuta watu. Ndugu wamekubali.
— Hapana. Akipona ataikuta mtandaoni miaka yote. Piga picha ya mkono wa mchangiaji, na uangalie nyuma kusiwe na ubao wenye majina ya wagonjwa.
Mzalendo wa Kweli: Unatukatisha tamaa wenye moyo wa kusaidia.
— Moyo wako sina shaka nao mkuu. Picha ndiyo siikubali.

Binti Hodari: Asante kwa somo. Mimi hutumia orodha ya matangazo ya WhatsApp, nina watu 200 lakini wanaojibu hawafiki kumi. Nakosea wapi?
— Swali zuri sana. Orodha ile humfikia tu aliyehifadhi namba yako kwenye simu yake. Wengine hawapati kitu, na wewe huambiwi. Kila anayemaliza kuchangia, mwombe hapohapo aihifadhi namba yako, na umngoje mpaka amalize. Pia usiwaite wote kila mara. Andika tarehe aliyochangia kila mmoja: mwanamume apumzike walau wiki 12, mwanamke 16. Ukimwita ambaye muda wake haujafika mara mbili tatu, ataacha kukusoma.

Mwanagenzi: Nyongeza kidogo: orodha yenye makundi ya damu msiiweke kwenye grupu. Ni habari za afya za watu.
— Kweli kabisa. Mimi yangu iko kwenye daftari.

Binti Hodari: Na tarehe 14 Juni, siku ya wachangiaji damu duniani, nitangaze?
— Tangaza, ila siku hiyo kila mtu anatangaza na watu hujitokeza. Weka nguvu zaidi wiki za sikukuu na likizo, wachangiaji wakiwa safarini.

Kipepeo: Nimeisoma. Nimehariri tangazo langu, tarehe na saa ziko juu. Na namba ya mama mgonjwa nimeitoa.
— Ahsante sana. Nitumie kiungo nikusaidie kusambaza.