Namna ya Kuandaa Onyesho la Filamu ya Hali Halisi Kuhusu Jimbo Moja la Marekani

Mwalimu wa Kiswahili au wa historia katika sekondari ya Uganda anayetaka kuwafundisha wanafunzi wake habari za Marekani kwa filamu za hali halisi na achague jimbo moja tu. Filamu inayodai kuisimulia nchi yenye majimbo 50 kwa saa moja huishia kwenye marais na vita, ilhali ya jimbo moja hailikwepi suala la ardhi, mazao na lugha za wenyeji.

Jimbo lichaguliwe kwa swali ambalo tayari linawagusa watazamaji. Kwa Uganda, ningeanza na Hawaii. Malkia Liliuokalani alipinduliwa Januari 1893 na kundi la wafanyabiashara na mawakili, wengi wao wenye asili ya Marekani na Ulaya, huku askari wa majini wa Marekani wakiwa wameshateremshwa Honolulu. Visiwa hivyo vilitwaliwa mwaka 1898 na kufanywa jimbo mwaka 1959. Mwanafunzi anayejua kwamba Gerald Portal, mjumbe wa Uingereza, alipandisha bendera ya Uingereza Kampala mwezi Aprili wa mwaka huohuo wa 1893 hatahitaji kubembelezwa asikilize. Tena, mwaka 1993, baadhi ya falme za Uganda zilizofutwa mwaka 1967 ziliporudishwa, Bunge la Marekani lilipitisha azimio la kuomba radhi kwa mapinduzi yale. Ni sadfa tu, wala mwalimu asiigeuze kuwa hoja, lakini inafungua mjadala. Kwa somo la Kiswahili ipo njia nyingine: Kihawaii kiliondolewa katika ufundishaji shuleni kwa sheria ya 1896, kisha katiba ya jimbo ikakifanya lugha rasmi mwaka 1978, na wanafunzi wanaweza kulinganisha hayo na marekebisho ya katiba ya Uganda ya 2005 yaliyokipa Kiswahili nafasi ya lugha rasmi ya pili.

Itazame filamu yote kabla ya kuionyesha, ukiandika ni nani anayezungumza na kwa muda gani. Ikiwa imejaa fukwe na wachezaji wa hula bila Mhawaii hata mmoja anayeeleza kwamba wamisionari waliipiga vita ngoma hiyo hadi Mfalme Kalakaua alipoirudisha hadharani, hilo ni tangazo la utalii. Soma majina ya mwishoni ujue nani aliyetoa fedha, na uangalie mwaka wa kutengenezwa.

Filamu nzuri hutoka mara nyingi katika vituo vya televisheni ya umma vya majimbo yenyewe, vingi vikiwa katika mtandao wa PBS. Baadhi hazifunguki nje ya Marekani, kwa hiyo ijaribu mapema kabla ya kumaliza bando, na uombe ruhusa pale hakimiliki inapodai hivyo.

Usimulizi ndio kazi kubwa. Uganda imezoea maveejay wa vibanda vya video wanaosimulia filamu kwa Kiluganda, na ufundi wao unafaa kuigwa, isipokuwa mizaha na chumvi wanayoiongeza. Igawe filamu katika vipande vya dakika nane au kumi, uandike tafsiri ya Kiswahili ya kila kipande, na upunguze sauti pale msimulizi anapozungumza. Mzee wa Kihawaii anapozungumza, nyamaza. Acha sauti yake isikike mpaka mwisho, ndipo usimamishe picha na kueleza. Kuhusu umeme, kompyuta yenye betri iliyojaa na spika ya kuchaji zinatosha kwa darasa moja.

Baada ya onyesho, kila mwanafunzi aandike dai moja la filamu na ushahidi uliotolewa: waraka, picha ya zamani, shahidi, au neno la msimulizi peke yake. Madai ya aina hiyo ya mwisho yakizidi, tafuta filamu nyingine ya jimbo lilelile kabla ya kuhamia Louisiana, iliyokuwa sehemu ya eneo lililonunuliwa kutoka Ufaransa mwaka 1803, au South Carolina, ambako Wagullah, wazao wa Waafrika waliofanywa watumwa, wametunza maneno ya Afrika Magharibi.