Unataka kubuni maparachuti? Anza na cherehani

Watu wakisikia injinia wa parachuti wanawaza kompyuta na mahesabu tu. Sawa, digrii ya uinjinia wa ndege au wa mitambo utaihitaji na hesabu za mwendo wa hewa huzikwepi, lakini nusu ya hii kazi ni kitambaa na uzi, na kama hujui nailoni inavyovutika ukiikata hanamu utaumbuka mapema sana. Kwa hiyo shona moja kwanza.

Jaza maji dumu la lita 2, hapo una kilo 2 hivi. Tunataka litue kwa spidi ya mita 5 kwa sekunde. Uzito wake (kilo 2 mara 9.81) lazima ulingane na ukinzani wa hewa, yaani nusu ya msongamano wa hewa (kilo 1.225 kwa mita ya ujazo ukiwa usawa wa bahari) mara spidi kwa kipeo cha pili mara eneo mara namba ya umbo, kwa parachuti bapa weka 0.75. Ukipiga hesabu unapata mita za mraba 1.7. Ukiwa Nairobi ongeza kidogo, hewa ya kule nyepesi kuliko ya Mombasa.

Sasa kata pembetatu 8 za nailoni ya mwavuli, pande mbili sentimita 78, kitako sentimita 60, ongeza 1.5 za mshono kila upande. Ziunge, kileleni acha tundu la sentimita 15 na usilizibe jamani, bila hilo hewa inatorokea pembeni na dumu linayumba kama mlevi. Kamba 8, zisipungue mita 1.5. Usizifunge kwenye kitambaa kitupu, shonea utepe juu ya mishono, maana parachuti ikifunguka ule mshtuko unazidi uzito wa dumu kwa mbali.

Idondoshe kutoka ghorofa ya nne (hakikisha chini hamna mtu!!) huku mwenzio anarekodi kwa simu, mita 5 za mwisho zichukue sekunde 1. Na wewe usiivae, ni ya dumu hiyo.

Ikichanika usinune. NASA walijaribu parachuti kubwa za Mars kule Hawaii 2014 na 2015, zote mbili zikachanika, ila ile ya Perseverance, gari lao la roboti lililotua Mars, yenye upana wa mita 21.5, ikashika vizuri Februari 2021. Angalia yako imeanzia wapi, kitambaa au mshono, ipige picha kabla hujairudia, halafu siku ya intavyuu nenda na hiyo picha pamoja na kipande chenyewe.