Kabla ya upasuaji wa matundu madogo kwa pafu lililonywea

Upasuaji huu hufanywa hasa pafu likinywea kwa mara ya pili, au hewa ikiendelea kuvuja ingawa mgonjwa ana mpira wa kutoa hewa kifuani. Kamera na vifaa hupitishwa kati ya mbavu kwa tundu moja hadi matatu. Daktari hukata malengelenge ya hewa, ambayo mara nyingi huwa kileleni mwa pafu, na kuziba kwa pini ndogo. Kisha husugua utando wa ukuta wa kifua au hunyunyiza unga wa talki ili pafu ligandane nao. Kugandana huko ndiko kinga yenyewe, na ndiko kunakouma siku za mwanzo.

Sigara, shisha na bangi ziachwe leo, hata kama zimebaki siku chache kabla ya upasuaji. Dawa za kuyeyusha damu usizikatize mwenyewe. Warfarin kwa kawaida husimamishwa siku 5 kabla, kwa agizo la daktari. Mwambie daktari wa usingizi kuhusu pumu, mzio na jino linalolegea: mpira wa kupumulia unaotumika hapa una njia mbili, ni mnene kuliko wa kawaida, ili pafu moja lipumzishwe huku jingine likifanya kazi. Chakula na maziwa mwisho ni muda wa saa 6 kabla ya upasuaji, maji matupu muda wa saa 2 kabla, isipokuwa umeelekezwa vingine.

Kwenye fomu ya ridhaa, soma sehemu inayosema kifua kinaweza kufunguliwa. Damu ikigoma kukatika, au makovu ya zamani yakiziba njia, ndipo hufanyika hivyo.

Wengi hawajiandai kwa mpira utakaobaki kifuani baada ya upasuaji, nao ndio unaoamua utatoka hospitalini lini. Chupa yake ikae wima, chini ya usawa wa kifua. Mapovu ni hewa inayotoka. Usiubane mpira wala kuukunja: hewa ikikosa njia hukandamiza pafu na moyo. Uvujaji unaweza kupita siku 5, kwa hiyo omba likizo ya kutosha. Beba shati lenye vifungo mbele, maana kuinua mkono kutauma, na mto wa kukumbatia unapokohoa. Usikwepe kukohoa, makohozi yakituama huleta nimonia.

Tiketi ya ndege usikate bila kumuuliza daktari. Kupiga mbizi kwa mtungi ni suala zito zaidi, wengi hukatazwa kwa maisha yao yote.

Kifua kikichoma ghafla au pumzi ikikata wakati ungali unasubiri tarehe, nenda kitengo cha dharura saa hiyohiyo.