SOMO: Pikipiki ya theluji kaskazini mwa Minnesota kwa anayeanza

Wadau, kila theluji ikianguka kuna mtu wa Brooklyn Park, pale kando ya Minneapolis, ananipigia kuniuliza hii kitu inaendeshwaje, sasa naandika mara moja nipumzike. Huku wenyeji wanaiita sledi, na mimi nitaiita hivyo hivyo.

Hatua ya 1: makaratasi. Kama umezaliwa baada ya 31 Desemba 1976 lazima uwe na cheti cha usalama cha sledi, kozi ni ya DNR (idara ya maliasili ya jimbo) na mtu mzima anaifanya mtandaoni. Sledi yenyewe inasajiliwa, halafu na stika ya treili, yaani njia zilizotengwa za sledi.

Hatua ya 2: nguo. Jinzi na fulana ya pamba acha nyumbani, pamba ikilowa jasho haikauki na utatetemeka mpaka meno yaume. Vaa sufu au polista ndani, helmeti yenye kioo, glavu nzito. Usipime baridi ukiwa umesimama parking, subiri upepo wa mwendo.

Hatua ya 3: mashine. Moto (kuongeza mwendo) uko dole gumba la kulia, breki mkono wa kushoto, hakuna kubadili gia wala kushika klachi. Sisi wa bodaboda shida yetu ni kona, pikipiki unailaza ila sledi hailali, inabaki flati, kwa hiyo unaegemeza mwili wako wewe upande wa ndani la sivyo inakwenda moja kwa moja kwenye miti. Ile kamba ya kuzimia injini ifunge kwenye jaketi kabla hujawasha.

Hatua ya 4: treili. Kaa kulia, hasa kwenye kona maana msitu umefunga huoni anayekuja, na usiku unaweza kukutana na mashine ya kusawazisha njia, kubwa kama trekta na imejaza njia yote. Mwisho ni maili 50 kwa saa, lakini usiku nenda mwendo ambao taa yako inakuruhusu kusimama. North Shore State Trail inatoka Duluth mpaka Grand Marais, tamu sana, ila siku ya kwanza chukua kipande tu. Boundary Waters, lile eneo la hifadhi ya maziwa na msitu, usiingie na sledi.

Hatua ya 5: ziwa. Hapa ndio nataka msome mara mbili. Barafu mpya inayoonyesha iwe na inchi 5 mpaka 7, ile nyeupe nguvu yake ni kama nusu hivi kwa hiyo zidisha mara mbili, na pale mto unapoingia ziwani kaa mbali kabisa. Mwaka wangu wa kwanza nilifuata alama za sledi nyingine nikijua aliyetangulia kashapima, mara naona maji meusi mbele, niligeuza sijui hata niligeuzaje. Alama zinakuambia kuna mtu alipita, hazisemi alipita lini.

MASWALI

*Mkuu, ikikwama kwenye theluji laini?*
Achia moto haraka, ukiendelea kubonyeza, mkanda (ule unaozunguka chini ukisukuma sledi) unachimba shimo tu. Shuka, kanyaga theluji ya mbele ishikane, vuta skii za mbele kulia kushoto, ndio uondoke polepole.

*Yangu ilichemka na nje kulikuwa baridi ya kufa, inakuwaje kaka?*
Sledi nyingi zinapozwa na theluji inayorushwa na mkanda chini kule. Ukipita juu ya barafu ngumu hakuna kinachorushwa, inachemka. Sogea pembeni kwenye theluji laini au zima upumzike.

*Nina kwadi (ile pikipiki ya matairi manne), naweza kupita hizo treili?*
Soma kibao pale mwanzo, nyingi za sledi kwadi hairuhusiwi majira ya baridi kwa sababu matairi yanaharibu njia. Kwadi zina treili zake, na theluji ikianza kuyeyuka nyingi zinafungwa kwa ajili ya matope.

*Bia mbili tatu njiani si kawaida huku?*
Baa utaziona pembeni ya treili ndio, lakini ukikamatwa umelewa kwenye sledi ni DWI (kosa la kuendesha ukiwa umelewa) ile ile ya gari dada, na barafu haitakuuliza umekunywa ngapi. Agiza chokoleti ya moto.

*Na inchi za barafu unapima na nini?*
Keekee ya betri na futi ya fundi, unatoboa kila unavyosogea, sio shimo moja pale ufukweni.