Kupiga ngoma za Kiganda peke yako mbele ya okestra: mambo ya kuweka sawa mapema

Anza na nafasi. Ngoma nne, yaani embuutu, empuunyi, nankasa na engalabi moja, zinahitaji upana wa mita 3 hivi na kina cha mita 2, mbele kabisa ya jukwaa, mkono wa kushoto wa mwongozaji. Idai nafasi hiyo kabla viti vya fidla havijapangwa, la sivyo utajikuta umebanwa kwenye pazia. Mwamba ngoma huvutia ngozi kwake, lakini usivute hadi ukampa mwongozaji mgongo. Geuza seti mpaka uione fimbo yake kwa kuinua macho tu, bila kupinda shingo. Engalabi ni ndefu, iweke upande ulio mbali naye.

Kinachowaponza wengi ni kuchelewa kwa sauti. Sauti husafiri kama mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo tarumbeta iliyo mita 12 nyuma yako inakufikia baada ya sekunde 0.035. Kwa mwendo wa mapigo 120 kwa dakika, robo ya pigo ni sekunde 0.125, na wewe umeshapoteza zaidi ya robo yake. Ukifuata masikio utaburuta. Fuata fimbo, ila kwa hadhari: ngoma hulia papo hapo, fidla huchukua muda kidogo kutoa sauti, na ukipiga pale pale fimbo inapotua utasikika umetangulia. Tazama mkono wa fidla ya kwanza iliyo jirani yako. Pigo lako liangukie pale upinde unapoanza kutembea juu ya nyuzi.

Ngozi nayo ina yake. Mvua za Machi hadi Mei na za Septemba hadi Novemba hulegeza kila ngoma, na engalabi ndiyo sumbufu zaidi: ngozi yake ya kenge imepigiliwa kwa vigingi vya mti, huwezi kuikaza kwa kamba. Dawa ni joto. Washa sigiri nje ya ukumbi, subiri makaa yafunikwe na jivu jepesi, kisha shikilia uso wa ngoma umbali wa urefu wa mkono ukiuzungusha bila kusimama. Gonga ukingo kila baada ya nusu dakika. Sauti ikiwa kavu na kali, acha hapo hapo, maana ngozi hiyo ni nyembamba na huchanika kuanzia kwenye vigingi. Ifunge blanketi, uingie nayo ndani. Katika chumba cha kubadilishia nguo, mashine ya kukaushia nywele inatosha. Iache chini kidogo ya sauti unayoitaka, kwani taa za jukwaa zitamalizia kazi.

Kama kuna amadinda, marimba ya Kiganda ya vibao vya mbao, jiandae kwa mgogoro wa sauti. Ina vibao 12, sauti tano katika kila oktava, na nafasi baina yao zinakaribiana kuwa sawa: yapata senti 240 kila moja (senti ni kipimo cha umbali kati ya sauti mbili), wakati hatua ndogo kabisa ya piano ni senti 100. Ukilinganisha kibao cha kwanza na noti ya okestra, cha pili kitakuwa juu kwa senti 40 hivi, cha tatu chini kwa 20, cha nne juu kwa 20, cha tano chini kwa 40. Usikubali kuchonga vibao ili vifuate piano, utaua ala. Mwombe mtunzi asiwape fidla noti zile zile unazopiga, bali washikilie sauti moja ndefu, ya kibao cha kwanza. Kumbuka pia kwamba amadinda hupigwa na watu watatu: omunazi, omwawuzi na omukoonezi. Ratiba iseme "peke yake" ipendavyo, njoo na wenzako. Mashina ya mgomba ya kulalia vibao yakatwe siku hiyo hiyo, na chini yake utandike karatasi ya plastiki, kwa sababu utomvu hauondoki kwenye mbao za jukwaa.

Kuhusu ukubwa wa sauti: fidla zikipiga taratibu, hamia ukingoni mwa ngozi na upunguze mapigo. Kupiga yale yale kwa unyonge huchosha masikio tu.

Usihesabu baa (vipande vya mapigo vilivyogawanywa kwenye noti) 64 za kimya. Andika kwenye karatasi yako ni ala gani inaingia kabla yako, na inapiga nini.

Mwisho ni pale okestra inapokuachia uwanja upige utakavyo. Elewana na mwongozaji juu ya baa mbili za kufunga, uzipige vile vile katika kila zoezi, noti kwa noti, kwa embuutu peke yake ili zisikike hadi safu ya nyuma. Ukizibadilisha usiku wa tamasha kwa kunogewa, nusu ya okestra itaingia na nusu itabaki na pinde hewani.