Kutafuta vigawo vya 4,294,967,297 kwa kalamu na karatasi

Namba hii ni 2 kwa kipeo cha 32, ukijumlisha 1. Fermat, mwanahisabati wa Ufaransa wa karne ya 17, aliamini ni namba tasa, kwa kuwa wadogo zake wa umbo hilohilo (2 kwa kipeo cha 1, 2, 4, 8 na 16, ukijumlisha 1), yaani 3, 5, 17, 257 na 65,537, wote ni tasa. Mwaka 1732 Euler, mwanahisabati wa Uswisi, akaonyesha kwamba 641 inaigawanya. Unaweza kufika hapo mwenyewe bila kompyuta.

Hatua ya 1. Pitia vipimo vya haraka. Inaishia na 7, kwa hiyo 2 na 5 hazimo. Jumla ya tarakimu zake ni 59, kwa hiyo 3 nayo haimo. Usikae sana hapa.

Hatua ya 2. Tafuta kipeuo cha pili: ni 65,536 na chembe. Hadi hapo kuna namba tasa 6,542. Kuzijaribu zote kwa mkono ni adhabu.

Hatua ya 3. Hapa ndipo penye utamu, soma taratibu. Tuseme namba tasa p inaigawanya namba yetu. Basi 2 kwa kipeo cha 32, ukiigawanya kwa p, inabakiza −1, yaani imepungukiwa 1 tu ili igawanyike. Izidishe kwa yenyewe: kipeo kinakuwa 64, baki inakuwa 1. Kwa kuwa kipeo cha 32 kilibakiza −1, hakuna kipeo kidogo kuliko 64 kinachobakiza 1. Na kanuni ya Fermat huyohuyo inasema kipeo cha p − 1 nacho hubakiza 1. Vipeo vinavyobakiza 1 hujirudia kila baada ya 64, kwa hiyo p − 1 lazima igawanyike kwa 64.

Hatua ya 4. Orodhesha: 65, 129, 193, 257, 321, 385, 449, 513, 577, 641... Ukiondoa zisizo tasa, zinabaki 193, 257, 449, 577 na 641. Kutoka maelfu tumebaki na tano tu za kuanzia!

Hatua ya 5. Unapopima, usigawanye namba nzima, fuata mabaki. Kwa 641:

2 kwa kipeo cha 16 = 65,536. Toa 641 × 102 = 65,382, inabaki 154.
154 × 154 = 23,716. Toa 641 × 36 = 23,076, inabaki 640, ambayo ndiyo baki ya kipeo cha 32.
640 + 1 = 641. Imegawanyika!

Ukizipima zile nne za mwanzo kwa njia hiyohiyo, kila moja inaacha baki.

Hatua ya 6. Gawanya: 4,294,967,297 = 641 × 6,700,417. Je, 6,700,417 ni tasa? Kipeuo chake hakifiki 2,589, na vigawo vyake lazima viwe na umbo lilelile. Jaribu 641, 769, 1,153, 1,217, 1,409, 1,601 na 2,113. Hakuna inayoigawanya, kwa hiyo ni tasa, na namba yetu ina vigawo vinne tu.

Ukitaka zoezi gumu zaidi, chukua 2 kwa kipeo cha 64, jumlisha 1. Safari hii p − 1 igawanyike kwa 128, na kigawo cha kwanza utakikuta kwenye 274,177.